Simu ilijaa msimu wa korosho, na sikumwachia fundi

Wiki ileile minada ya korosho ilipoanza, simu yangu iligoma. Kaka yupo Tandahimba, ndiye anayepeleka mzigo ghalani, na mimi hapa Mtwara mjini ndiye ninayeandika kilo kwenye daftari la familia. Akanitumia picha ya stakabadhi, ikaja ukungu mtupu. Nikibonyeza naambiwa nafasi imekwisha. Simu ya GB 64, imebaki na kama MB 300.

Nikaenda kwa fundi karibu na soko kuu. Kijana ana heshima zake, sina ugomvi naye, lakini jibu lake lilinikera: "Mama, niachie simu na namba ya siri, kesho asubuhi uje. Elfu tano tu." Nikamwuliza, nikae hapa nikusubiri? Akasema kazi ni ndefu, ataifanyia nyumbani usiku.

Nyumbani kwake, usiku, na namba yangu ya siri! Ndani ya simu ile mna video za unyago wa binti wa kaka yangu, likizo ya Juni. Mambo ya ndani hayarekodiwi, kila mwanamke wa huku analijua hilo. Lakini siku ya kumtoa mwali tulicheza uani, wanawake peke yetu, kanga kifuani, mama zangu na wifi zangu na majirani. Walinikubalia nichukue video kwa sababu ni mimi. Hawakumkubalia kijana wa sokoni. Nikachukua simu yangu nikaondoka.

Jirani akanishauri nipakue programu ya kusafisha simu. Nikaipakua, na kabla haijafanya lolote ikataka ruhusa ya kuona majina ya watu wangu, mahali nilipo na simu ninazopiga. Kufuta picha kunahusu nini na namba ya wifi yangu? Niliiondoa papo hapo. Mwingine akasema pandisha kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni halafu ufute. GB zote hizo kwa bando la kununua? Na wale mama zangu wapelekwe mtandaoni bila kuulizwa? Hapana.

Usiku wa kwanza nikazima data, nikaweka simu kwenye hali ya ndege, nikaketi kitandani. Mimi kila stakabadhi huipiga picha tatu, maana mkono ukitikisika kidogo tarakimu hazisomeki. Basi misimu miwili ya korosho ilikuwa imejazana mle, mara tatu tatu. Nikawa nakuza moja moja, naacha iliyo safi, nafuta mbili. Hii kazi kitafuta-nakala, yaani programu inayotafuta mafaili yaliyo sawasawa kabisa, hakiwezi kukufanyia, kwa sababu picha tatu za karatasi moja kwa simu ni picha tatu tofauti. Hadi saa sita usiku nimefuta zaidi ya elfu moja, macho yanawasha. Nikaenda kuangalia nafasi: haijaongezeka hata kidogo. Nilitaka kulia.

Asubuhi ndipo nikalikuta pipa la taka la galari. Ukifuta picha haiondoki, inakaa mle siku 30, iwapo utajuta. Nikalimwaga lote, zikarudi GB 2. Lakini kilichonishtua si nafasi. Mtu akiishika simu yako akafungua pipa hilo, anaona yaleyale uliyodhani umeyafuta. Limwage kabla simu haijatoka mkononi mwako, hata kama ni kubadilisha kioo tu.

Usiku wa pili niliingia kwa akili nyingine. Nikafungua Files ya Google, programu ya kupangia mafaili ambayo inafanya kazi bila intaneti, nikapanga mafaili kwa ukubwa badala ya tarehe. Lo! Video moja ya ngoma, dakika 22, peke yake GB 2.8. Kufuta picha mia za stakabadhi hakufikii video hiyo moja. Anza na vikubwa, jamani. Nikanunua flashi, elfu kumi na kitu, nikaazima kwa mpwa wangu waya wa OTG, ule wa kuunganisha flashi na simu, nikanakili. Kunakili, si kuhamisha. Kila video niliifungua kwenye flashi, nikatazama mwanzo, katikati na mwisho, ndipo nikaifuta kwenye simu. GB 8 zikatoka.

Sasa hapa ndipo ninapojivunia. Galari ilinionyesha jumla ndogo kabisa, lakini simu yenyewe ilisema picha na video bado zinakula GB nyingi zaidi. Zimekaa wapi? Sikulala. Nikaanza kufungua folda moja baada ya nyingine: Android, kisha media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Video. Ndani yake kuna folda inaitwa Sent. Nikaifungua. Kila video niliyowahi kumtumia mtu ilikuwa mle! Harusi, misiba, keki za watoto, vyote.

Nilivyoelewa ni hivi: ukituma video, WhatsApp huipunguza ukubwa na kujiwekea nakala mle. Galari haizioni kwa sababu humo kuna faili dogo la .nomedia linaloiambia ipite bila kuangalia. Na kitafuta-nakala hakikuzigundua kwa kuwa nakala iliyopunguzwa si sawa na ile ya asili, ingawa wewe kwa macho unaona ni video ileile. Folda ya WhatsApp Images nayo ina Sent yake.

Na katikati ya zile video, nikakikuta kipande cha dakika mbili cha ngoma yetu, nilichomtumia wifi yangu wa Lindi. Moyo ulinienda mbio. Ningeisafisha galari nikajiona nimemaliza, nikampa fundi simu, na mama zangu wamo mle wanacheza.

Nilifuta Sent zote mbili, GB 6. Kwenye mazungumzo yangu video hizo hazifunguki tena, ila waliotumiwa wanazo zao. Baadaye nikaingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, nikakuta zilizosambazwa mara nyingi na zinazozidi MB 5 zimepangwa tayari. Mahubiri na vichekesho vya makundi, GB 4 nyingine. Nikazima na upakuaji wa kujiendesha wa video.

Nilipowasha data, kaka alikuwa ameituma tena ile stakabadhi. Ikafunguka, kilo zote zinasomeka. Flashi ipo kwenye sanduku la kanga, na mama yake mwali keshasema Jumapili anakuja kuangalia, tufunge mlango.