Kinyago Kisichovalika

Wiki iliyopita nilisimama kwenye kibanda kimoja cha vinyago hapa mjini Mwanza, nikavutiwa na sura ya mpingo iliyotundikwa ukutani, yenye chale mashavuni na macho yaliyofumba nusu. Kijana muuzaji alinihakikishia kuwa ni kinyago halisi cha ngoma ya Wamakonde. Nilipokipokea, mkono wangu ulishuka kwa uzito, na nilipokigeuza nikakuta nyuma ni bapa, hakuna uwazi wa kuingiza hata ngumi, sembuse kichwa.

Jioni nilimweleza jambo hilo jirani yetu, mzee wa Kimakonde aliyehamia huku ziwani tangu ujana wake. Aliitikia shikamoo yangu, akaingia ndani, akatoka na kitu kilichoviringishwa katika kanga iliyopauka. Lilikuwa lipiko, yaani kinyago cha ngoma cha Wamakonde; yakiwa mengi huitwa mapiko. Kwa wepesi lilikuwa kama kibuyu kitupu, kwa sababu mapiko huchongwa kwa mti laini na mwepesi, wala si kwa mpingo. Halikuwa sura tu, bali kichwa kizima kilichochimbwa ndani ili kiingie juu ya kichwa cha mchezaji. Nywele zake zilikuwa za binadamu, zimebandikwa vishungi vishungi, na chale zilikuwa za nta, zimeinuka kiasi kwamba kidole kinazisoma. Ndani palikuwa peusi na laini kwa jasho la miaka mingi.

"Unaona wapi macho yangu yatapita, mwanangu?" aliniuliza. Nilionyesha macho ya kinyago. Akacheka, akanionyesha mdomo: lipiko huvaliwa likiwa limeinamishwa kwa nyuma, na mchezaji huona kupitia mdomoni, huku mwili wake wote ukiwa umefunikwa kwa nguo ili ngozi isionekane.

Siri hiyo ya ngozi ndiyo kiini cha shughuli nzima. Mapiko hutokea hasa katika sherehe za jando na unyago, na kwa desturi wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni huambiwa kwamba anayecheza si mtu, bali ni mzimu uliorudi kwa walio hai. Kijana anapoingia jandoni ndipo anapofunuliwa kuwa ndani ya kile kilichomkimbiza utotoni mna mwanamume wa kijijini kwao. Tangu hapo huielewa kwa maana yake ya asili ile methali tunayoitumia ovyo kila siku, kwamba kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Vipo pia vinyago vya kiwiliwili, vyenye matiti na tumbo la mjamzito, ambavyo huvaliwa na mwanamume na kuchezwa kuonyesha uchungu wa uzazi.

Nilimwomba alivae nimpige picha. Alikataa kwa upole, akasema hapakuwa na ngoma, naye hawezi kulivalisha lipiko kimya. Naona alikuwa na haki kabisa. Sisi wa Usukumani tunapaswa kulielewa hilo upesi kuliko wengine, kwa kuwa hata sanamu za mbao za Wasukuma zilitolewa uwanjani katika mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, ili kuvuta watazamaji, na anayeziona leo katika makumbusho ya Wasukuma ya Bujora anapaswa kuziwazia zikiwa katikati ya vumbi na kelele.

Kuna kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kikaishia katika Makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, na hakikurejeshwa Tanzania hadi mwaka 2010. Nilifurahi sana kiliporudi, ingawa kimerudi kabatini.

Jana nilirejea kibandani, nikamsimulia kijana yule yote haya. Alisikiliza hadi mwisho, akakubali kuwa atakiita pambo la ukutani, kisha akauliza kama mzee anapokea wageni. Tutakwenda pamoja Jumamosi baada ya alasiri.