Siku yangu moja kama pasta msaidizi Likoni, Mombasa (na hapana, sio mke wa pasta)

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Watu wanadhani kazi yetu ni Jumapili asubuhi tu, halafu wiki nzima tunalala tukingoja sadaka, basi nawapa Jumamosi yangu ilivyokuwa. Mimi ni pasta msaidizi, mwaka wa 3 sasa. Mume wangu ni fundi wa mafriji, hajawahi kuhubiri hata siku moja, lakini mtaani mimi bado naitwa mke wa pasta na yeye anasalimiwa "pasta" akipita na spana zake. Ashazoea.

Saa 12 maombi, tulikuwa watu 6. Saa 1 chai na mahamri ya jana, watoto, nguo.

Saa 2 na nusu naelekea hospitali ya Coast General, ng'ambo kisiwani, kumuona mama mmoja wa kwaya aliyefanyiwa operesheni, kwa hivyo lazima ferry. Kuvuka kwa miguu ni bure ila unalipa kwa jasho, mko mmebanana, mkokoteni wa mananasi uko nyuma ya visigino vyako, mtu anakuhubiria wewe ambaye ndo pasta. Hospitali nilikaa dakika 20. Hakutaka mahubiri, alitaka nimshike mkono na nimtafutie chaja ya simu. Mwaka wa kwanza ningemsomea zaburi tatu mpaka ajifanye amelala.

Kutoka hapo matatu ya Kisauni kuchukua spika yetu tuliyoazimisha, nikashuka Kengeleni. Stage hiyo jina limetokana na kengele ya Frere Town, makazi waliyojengewa watumwa waliokombolewa, tangu 1875. Kila nikipita huwaza ni nani alikuwa anaivuta kila siku, maana kengele haijigongi.

Saa 8 kikao cha wazee, na hapo ndo siku ilipoishia.

Ajenda ya kwanza, viti. Wiki iliyopita vilitoka viti 60 kwenda matangani, vikarudi 57. Mzee mweka hazina akafungua daftari akauliza sahihi iko wapi. Nikaanza kueleza, walikuja saa nne usiku, mvua inanyesha, wafiwa wanalia, akanikata, "Pasta, sijauliza mvua. Nimeuliza sahihi." Mama mmoja akasema wafiwa wadaiwe, mwingine akasema mtu hadaiwi kaburi likiwa bichi, mwingine akasema nikatwe kwa posho (posho gani?), wa nne akafufua kesi ya sufuria iliyopotea Pasaka ya mwaka jana ambayo mimi hata sikuwa zamu. Saa nzima na zaidi, viti 3 vya plastiki! Na mimi moyoni nachemka, kwa sababu vile viti nilivisukuma mwenyewe na mkokoteni usiku ule nyinyi wote mmelala, maneno yako hapa kwenye ulimi, na najua kusema jamani.

Lakini ukweli ni kwamba pasta mkuu aliniambia tangu Januari nimpe mtu mwingine ufunguo wa stoo. Sikutaka. Nilipenda kuwa mimi ndo naitwa kwa kila kitu. Kitabu cha Kutoka sura ya 18 nimeifundisha vijana mara mbili, Yethro anamwambia Musa wazi kwamba atachoka, agawe kazi, aweke wakuu wa mamia na wa hamsini na wa kumi, sijui nilidhani mimi nimemzidi Musa.

Nikasema, "Ni mimi. Sikuandika. Nisameheni."

Kimya, feni tu inazunguka. Mzee akafunga daftari. "Haya. Tuingie kwa sufuria."

Ufunguo nilimkabidhi binti mmoja wa vijana, ana miaka 19, kabla jua halijazama alikuwa ameshavipa viti vyote namba kwa rangi nyekundu. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja.

Baada ya hapo saa sikuangalia tena. Mazoezi ya kwaya, kufagia, ndoa moja inayogombana kuhusu mkopo, ugali. Mahubiri ya kesho yako nusu ukurasa.

Usiku simu ikalia, baba mmoja anataka viti 20 asubuhi na mapema. Nikamwambia ufunguo siku hizi anao binti fulani, ampigie, na atie sahihi. Akanyamaza kidogo.

"Sawa mama, basi hebu mpe pasta mwenyewe niongee naye."

Nikampa. Nilikuwa nimechoka.