Dalali na ndoo ya kudekia

Leo nimeshinda Kinyerezi nikisugua choo cha watu. Ndiyo, mimi dalali. Nyumba inauzwa, ina vyumba vitatu, kimoja masta, na tangu kabla ya Ramadhani nimeshapeleka wateja wanne. Wote wanaingia, wananusa, wanasema "tutakupigia." Hakuna aliyepiga.

Tatizo nililijua: ukuta wa nyuma unapanda chumvi. Ukiugusa, rangi inabanduka kama ganda la yai, na chumba kizima kinanuka unyevu. Mzee mwenye nyumba alitaka tupake rangi juu kwa juu, picha zitoke vizuri, basi. Nikamwambia, baba, mvua ya kwanza tu itatuumbua. Tukakwangua mpaka kwenye plasta, fundi akachimbua, kumbe bomba la sinki la jikoni lilikuwa linavujia humo humo ukutani miaka yote! Elfu 65, fundi pamoja na vifaa. Tukaacha ukuta ukauke wiki mbili ndipo tukapaka.

Makochi mawili nimeyatoa, mapazia mazito nimeyashusha, sebule imeongezeka bila tofali hata moja.

Sasa amebaki mama mwenye nyumba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake ndipo nyumba ya familia iuzwe. Mama kaniangalia nikideki, kacheka: "Mwanangu, kwa ilivyong'aa hivi, mimi sihami."