Gavana Walz na sahani ya mtoto wa shule

Tim Walz, gavana wa Minnesota kule Marekani, wengi wetu hapa Uganda tulimjua Agosti 2024 Kamala Harris alipomchukua awe mgombea mwenza wake, halafu Novemba wakashindwa na Trump na watu wakamsahau. Mimi sijaacha kumfuatilia, na sababu kubwa ni chakula cha shule, nitafika hapo, ila nianze na mtu mwenyewe maana kwa huyu siasa yake na maisha yake ni kitu kimoja.

Amezaliwa 1964 Nebraska, mambo ya vijijini huko, mashamba na ng'ombe, baba yake alikuwa mtu wa elimu anayesimamia shule. Akiwa na miaka 17 akajiunga na jeshi la akiba na akakaa humo miaka 24. Baba akafa kwa kansa ya mapafu mwaka 1984, Tim ana miaka 19 na mdogo wake bado mwanafunzi, mama akabaki na madeni ya hospitali, na kilichowashika ni pesa ambayo serikali yao inalipa familia ya mfanyakazi aliyefariki. Sasa ndugu zangu, kwetu baba akifa tunajua kinachofuata. Mazishi yakiisha wazee wanakaa chini wanagawana watoto, huyu aende kwa shangazi, yule kwa baba mdogo, na kwa wengine shule ndio inaishia hapo. Kijana aliyepita kwenye msiba ule na nyumba yao ikabaki imesimama, huwezi kuja baadaye kumwambia serikali ikisaidia familia inazifanya vivu.

Akawa mwalimu wa jiografia na somo lenyewe ndio lilinifanya nimheshimu. 1993 alikuwa anafundisha mji mmoja mdogo wa Nebraska unaitwa Alliance, akawasomesha wanafunzi habari za Wayahudi walivyouawa na Wanazi, lakini hakuishia kwenye tarehe na majina, akawapa wapime nchi mbalimbali za dunia ya siku ile, chakula kikoje, wakoloni waliacha nini, makundi yanaishije, halafu waseme wapi mauaji ya namna ile yanaweza kutokea tena. Wale watoto wakasema Rwanda. Aprili 1994 ikatokea.

Sisi hatuhitaji kusimuliwa hiyo. Mto Kagera ulileta miili mpaka Ziwa Victoria, upande wetu huu, na wavuvi wa Kasensero, Lambu na Ggolo ndio waliotoa marehemu majini kwa mikono yao, wamezikwa hapo zaidi ya 10,000, na muda mrefu watu waliogopa kula samaki. Nikifikiria kwamba mwaka mmoja kabla kulikuwa na darasa la watoto mbali kabisa ambao waliona dalili kwa kusoma tu ramani na takwimu, na wakubwa wenye majeshi na mabalozi hawakufanya kitu, roho inaniuma. Na ndio maana nasema mwalimu wa jiografia si mtu mdogo.

1996 wakahamia Minnesota na mke wake, naye mwalimu, akafundisha Mankato na kuwa kocha msaidizi wa timu ya futiboli ya Kimarekani iliyochukua ubingwa wa jimbo 1999. Bunge la taifa akaingia uchaguzi wa 2006, ugavana akashinda 2018 na tena 2022.

Mwaka wake mkubwa ni 2023. Chama chake kilikuwa na mabunge yote mawili ya jimbo, lile la seneti kwa kiti kimoja tu, na hazina ina ziada ya zaidi ya dola bilioni 17. Wengine wangekaa juu ya ile pesa wakingoja uchaguzi. Yeye alisaini sheria moja baada ya nyingine: haki ya kutoa mimba, likizo ya malipo ukiugua au ukizaa, umeme usio na uchafu ifikapo 2040, ukaguzi zaidi kwa wanunuzi wa bunduki. Si zote ningezipigia kura mimi, nasema wazi. Lakini tarehe 17 Machi alisaini ile ya kifungua kinywa na chakula cha mchana bure shuleni, watoto wote, tajiri na maskini, na kuna picha wale watoto wamemrukia shingoni wanacheka.

Hilo neno wote ndio kiini chake. Njoo shule nyingi za kwetu saa saba mchana: mwalimu wa zamu amesimama karibu na sufuria na daftari lake, anaita majina ya waliolipa, wanakuja na sahani zao za plastiki wanapewa posho, yaani ugali wa mahindi, na maharagwe, na wale ambao hawakuitwa wanajifanya wanacheza chini ya mwembe. Kila mtoto anajua nani hakulipa. Saa nane wanarudi darasani wote eti wafundishwe hesabu. Sheria yetu ya elimu ya 2008 inasema chakula ni jukumu la mzazi, na UPE, mpango wetu wa elimu ya msingi kwa wote, tangu 1997 ada tumeambiwa hakuna, lakini tumbo la mtoto halisomi sheria. Jirani zetu Nairobi wameanza 2023 na mpango wa chakula cha shule unaoitwa Dishi na County, mtoto analipa shilingi tano za Kenya, kwa hiyo asiniambie mtu Afrika haiwezekani.

Lakini lazima niseme na upande mwingine. Wakati wa korona, chini ya utawala wake, shirika moja linaloitwa Feeding Our Future na washirika wake waliiba kiasi cha dola milioni 250 za serikali kuu zilizokuwa za kulisha watoto. Ule ulikuwa mpango tofauti na sheria ya 2023, ila ni watoto wale wale na njaa ile ile, waliandika majina ya watoto hewa na sahani hewa. Mkaguzi wa jimbo 2024 alisema idara ya elimu haikusimamia vizuri, yaani dalili zilikuwepo na hazikushughulikiwa inavyotakiwa. Kwa mtu aliyefundisha watoto kusoma dalili, hapo ndipo ananiuma zaidi. Kelele za wizi kwenye mipango ya jimbo ziliendelea, na Januari 2026 akatangaza hatagombea tena.

Mimi bado nasimama na ile sahani. Ila ikija kwetu, na nataka ije, nataka kila Jumatatu kilo za posho na maharagwe zilizoingia ziandikwe kwa chaki ukutani pale mzazi yeyote anapita, na kamati ya wazazi ipime gunia kwa mizani yao wenyewe kabla mtu hajasaini. Minnesota wanachagua gavana mwingine Novemba 2026 na nitafuatilia kuona kama atakayekuja ataigusa ile sheria.