Homoni za nyani bila sindano: uzoefu wangu

Nilipoanza kuchunguza hulka na homoni za msongo kwa nyani wa manjano wa Mikumi, wakubwa waliokuwa wakipitisha andiko langu la utafiti walinihakikishia kwamba kinyesi si sayansi: nikitaka kotisoli, yaani homoni ya msongo, nimkamate mnyama nimtoe damu. Nilitii, kwa sababu saini ilikuwa mikononi mwao.

Fundi wa kuchomelea alinitengenezea kizimba kwa laki nne na ushee, tukakitega kwa mahindi. Aliyeingia kwanza alikuwa dume kijana aliyezoea kupora chakula kambini. Kesho yake akaingia yuleyule, akawa anatafuna huku akitukazia macho kama mteja aliyecheleweshewa chai. Majike waoga walibaki juu ya mbuyu na hawakugusa hata punje zilizodondoka nje. Mtafiti wa hulka anayekamata majasiri peke yao amekwisha haribu kazi kabla hajapima chochote. Isitoshe, kotisoli ya damu huanza kupanda dakika 3 hivi tu baada ya mnyama kushikwa, nasi tulihitaji zaidi ya hizo kumtuliza tu yule mporaji, kwa hiyo tulichokuwa tukipima ni kizimba, si nyani.

Nikarudi kwenye kinyesi, ambacho hubeba mabaki ya homoni za saa nyingi zilizopita na hakijali kwamba umemtisha mnyama sasa hivi. Kule Amboseli, Kenya, ambako nyani wamefuatiliwa tangu 1971, sampuli huwekwa kwenye alkoholi na kuhifadhiwa katika kibanda cha kuta za mkaa unaomwagiwa maji ili ndani kuwe na ubaridi. Nami nikajenga changu kwa gunia chache za mkaa. Alfajiri nyani wakishuka mitini hujisaidia karibu wote, lakini ukimkodolea mmoja macho anahama. Ujanja wangu ulikuwa kuinama kana kwamba nafunga kamba za kiatu, huku nikimtazama kwa pembe ya jicho mpaka amalize na kuondoka. Kikorogeni kinyesi chote kabla ya kuchota, kwa maana homoni hazienei sawasawa ndani yake, na kilicholoweshwa na mkojo kiacheni.

Fedha nyingi zilimezwa na vifaa vya maabara, milioni kadhaa ambazo andiko halikuzitaja.

Ujasiri niliupima kwa kuweka kitu kigeni njiani, nikirudia misimu tofauti, maana aliyethubutu leo huenda ana njaa tu. Hata hivyo wanaowajua nyani ni wasaidizi wa uwandani. Utafiti wa Gombe uliochapishwa mwaka 2017 uliwategemea wasaidizi Watanzania kukadiria hulka za sokwe 128, na mimi niliwaomba wa kwangu vivyo hivyo, kila mmoja peke yake, kabla hawajaona takwimu zangu, kwa kuwa wakikaa pamoja wote humfuata mzee wao.