Simu ya Nje Itokee Tawi Gani?

Kampuni yenye makao Dar es Salaam na tawi Nairobi, ambayo tayari imeziunganisha ofisi hizo kwa mtandao wake wa data, ina njia mbili za kumpigia mteja wa Nairobi. Inaweza kulipia simu ya kimataifa kutokea Dar es Salaam, au ikaipitisha sauti ndani ya mtandao wake hadi kwenye mtambo wa simu wa Nairobi, nao ukapiga kama simu ya kawaida ya mjini humo. Njia hii ya pili ilikuwapo kabla ya intaneti, enzi ambazo kampuni kubwa zilikodi laini za kudumu kati ya mitambo yao kwa sababu simu za masafa zilitozwa kwa umbali. Kwa wanaopiga simu za mkononi kati ya Dar es Salaam na Mwanza faida hiyo haipo tena; imebaki mipakani.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye tarakimu. Mfanyakazi wa Dar es Salaam atabonyeza 9 kupata laini ya nje, kisha ama 000 254 20 (simu ya kimataifa, Kenya, Nairobi), ama 005 20 kwa mpangilio wa Afrika Mashariki, na namba ya mteja. Mtambo unapaswa kuzitambua namna zote mbili, ukate za mwanzo, ubakize 20 na kuitanguliza sifuri, kwa kuwa Nairobi huijua namba hiyo kwa 020. Sifuri hiyo ikisahaulika, simu huvuka mpaka salama ikafia kwenye mlango wa kutokea.

Nafasi ya mtandao nayo ihesabiwe. Sauti ya G.711, kanuni ya kawaida ya kuigeuza sauti kuwa data, ni kilobiti 64 kwa sekunde, lakini ikishafungwa katika pakiti za IP (vifurushi vya data vyenye anwani) za milisekunde 20 hufika 80; ya G.729, kanuni inayoibana sauti zaidi, hupanda kutoka 8 hadi 24. Mtambo uwekewe ukomo wa simu, na inayozidi ielekezwe kwenye laini za hapo hapo, vinginevyo simu moja ya ziada huharibu sauti za wote.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, muulizeni mwanasheria. Simu ya ofisi kwa ofisi ni jambo moja. Kumwaga simu za kimataifa katika mtandao wa umma wa nchi nyingine ni jambo jingine. Tanzania ina Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na wapo waliofikishwa mahakamani Kisutu, Dar es Salaam, kwa kuingiza simu za nje bila leseni.

Namba ya dharura, 112, haipaswi kusafirishwa kamwe: ikitokea Nairobi, itapokelewa na watu wasioweza kutuma gari Kariakoo. Kwa hiyo kila tawi libaki na laini ya umma ya kwake, hata mtandao wa kampuni ukibeba simu nyingine zote.