Harley au Indian: nani atakayeishika spana miaka kumi ijayo

Mjadala wa Harley na Indian karibu kila mara huanzia kwenye umri. Indian ilizaliwa Springfield, Massachusetts, mwaka 1901, kwa mikono ya George Hendee na Oscar Hedstrom. Harley-Davidson ikafuata Milwaukee, Wisconsin, mwaka 1903. Kila ninavyoupima mjadala huu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba miaka hiyo miwili haimsaidii mnunuzi kitu. Kinachomsaidia ni kujua oili inapita wapi, joto linatokea wapi, na nani ataifungua injini hiyo dhamana ikishaisha.

Kuna jambo moja la historia ambalo lina faida ya moja kwa moja mfukoni. Harley haikuwahi kuacha kuunda pikipiki. Indian iliacha mwaka 1953. Jina likafufuliwa Gilroy, California, kati ya 1999 na 2003, likahamia Kings Mountain, North Carolina, kisha kampuni ya Polaris ikalinunua mwaka 2011. Pikipiki za vipindi hivi vitatu hazina undugu wa vipuri. Za mwanzo za Gilroy zilifungwa injini za kampuni ya S&S, mwaka 2002 ikaja Powerplus 100, Kings Mountain wakawa na Powerplus 105, na Polaris nao wakaiita injini yao ya 2019 PowerPlus 108. Majina yanalingana, lakini usitarajie gasketi ya moja iingie kwenye nyingine. Ukiona Indian ya bei nafuu inauzwa, soma kwanza namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17. Za Polaris huanza na 56K, Harley zilizoundwa Marekani huanza na 1HD, na alama ya kumi ndiyo inayotaja mwaka wa modeli. Namba hiyohiyo iingize kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la usalama barabarani la Marekani, uone kama kuna marekebisho ya usalama ambayo hayajafanywa.

Sasa injini. Harley kubwa za safari za kuanzia modeli za 2017 zina injini ya Milwaukee-Eight: 107 (cc 1,746), 114 (cc 1,868) au 117 (cc 1,923). Namba za majina ni inchi za ujazo. Kila silinda ina valvu nne na plagi mbili, na kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, ni moja tu. Indian walizindua Thunder Stroke 111 (cc 1,811) mwaka 2013, baadaye ikaja 116 (cc 1,890): valvu mbili kwa kila silinda na kamshafti tatu. Zote mbili zina tapeti za haidroli, kwa hiyo ile kazi ya kupima nafasi ya valvu haipo. V ya Harley, yaani pembe kati ya silinda zake mbili, ina nyuzi 45, na pistoni zinashika pini moja ya krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), hivyo mlipuko mmoja hufuata mwingine baada ya krankishafti kuzunguka nyuzi 315, halafu 405. V ya Thunder Stroke ina nyuzi 49, kwa hiyo milipuko hupishana kwa 311 na 409. Tofauti ni ndogo mno, na ndiyo maana anayezisikia kwa mbali hubabaika. PowerPlus ni jamii nyingine kabisa. V yake ina nyuzi 60, valvu ni nne kwa kila silinda, kamshafti ziko juu ya silinda, injini inapozwa kwa maji, na Indian waliitangaza kuwa na nguvu farasi 122.

Joto ndilo swali ambalo muuzaji huliruka na mguu wa kulia hulikumbuka. Kwenye foleni, silinda ya nyuma haipati upepo, na bomba lake la moshi liko karibu na paja. Kampuni zote mbili zimeweka mbinu ya kuizima silinda ya nyuma pikipiki inaposimama injini ikiwa na moto. Kwa Thunder Stroke za kuanzia modeli za 2019 hilo hutokea hewa ya nje ikizidi nyuzi 15 za Selsiasi. Inasaidia, lakini haimalizi tatizo. Anayeishi Phoenix au Houston, au Muscat, na anayepita katikati ya mji kila siku, mimi ningemwelekeza kwenye injini ya maji bila kusita. Gharama yake ni rejeta inayokaa mbele kabisa mahali pa kupigwa na mawe, kulanti ya kubadilisha, na feni na mipira ya ziada ya kukagua.

Kwenye oili ndipo tofauti ya falsafa inapoonekana. Harley kubwa ina vyumba vitatu vyenye oili tatu: injini, gia boksi, na praimari, yaani chumba cha cheni inayopeleka nguvu kwenye klachi. Kwa Milwaukee-Eight, baada ya kumwaga oili ya injini na kubadilisha filta, anza na lita 3.8 za 20W-50, washa mpaka ipate moto, zima, pima, kisha ongeza kidogokidogo. Ukijaza mpaka juu kwa mara moja, oili inayozidi itapanda kwenye njia za kupumulia na kuishia kwenye filta ya hewa. Gia boksi hunywa lita 0.83, na praimari zaidi kidogo ya lita moja. Thunder Stroke hutumia oili moja ya 20W-40 kwa injini, klachi na gia zote pamoja, kama lita 4.7 kwa badiliko moja. Kazi ni fupi na safi. Lakini klachi inaogelea humohumo, kwa hiyo oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano itaifanya iteleze. Tafuta alama ya JASO MA kwenye kopo. Na vumbi la klachi iliyochoka linazunguka na oili ileile inayolainisha beringi za injini, jambo ambalo haliwezekani kwenye Harley. Zote huhesabu huduma kila maili 5,000 (km 8,000), ila ya kwanza kabisa huja mapema: maili 1,000 kwa Harley, 500 kwa Thunder Stroke.

Magonjwa yanajulikana, na ni afadhali kuyajua kwa majina. Harley za 1999 hadi 2006 zenye Twin Cam, injini iliyotangulia Milwaukee-Eight, zina tenshona (vikaza-cheni) za cheni ya kamshafti zinazosukumwa na springi. Kiatu chake cha plastiki huliwa, vipande huingia kwenye pampu ya oili, na injini hufa kwa kukosa presha. Dyna, familia moja ya Harley, za 2006 zilishapata tenshona za haidroli. Nyingine zilisubiri hadi 2007. Kama unanunua mojawapo ya hizo za zamani, taka risiti ya kubadilishiwa tenshona, au toa kifuniko cha kamshafti uone mwenyewe. Wapo wanaofunga gia badala ya cheni. Ni tiba nzuri, ila kwanza pima mzunguko wa krankishafti: ikiyumba zaidi ya inchi 0.003, gia zitapiga kelele na kulana. Na mkiwa mmefika huko ndani, badilisheni beringi za ndani za kamshafti pia. Ni vitu vidogo, na kurudi tena kwa ajili yake ni hasara tupu.

Milwaukee-Eight za miaka ya mwanzo zina ugonjwa wake. Oili haikai chini ya krankishafti. Pampu inapaswa kuinyonya na kuirudisha kwenye hifadhi yake. Pampu ikishindwa, oili hujaa chumbani na krankishafti hubaki kuipiga. Dalili zake ni pikipiki kuwa nzito ghafla baada ya mwendo mrefu wa kasi, joto kupanda, na kipimo kuonyesha oili imepungua ilhali hakuna inapovuja. Harley walibadilisha pampu hiyo, na kwa sababu hiyo ningependelea modeli ya 2020 kwenda juu. Pia pima praimari na gia boksi kwa pamoja. Praimari ikiwa imepungua na gia boksi imezidi, oili inahama ndani kwa ndani, na sehemu inayokauka ndiyo yenye cheni na klachi.

Upande wa Thunder Stroke, kelele ya tapeti asubuhi kwa sekunde chache si ugonjwa. Ikiendelea injini ikishapata moto, ondoka. Kwa kampuni zote mbili, betri dhaifu ni adui mkubwa. Silinda hizi ni kubwa, na stata ikizungusha kwa unyonge injini hurudi nyuma kwa kishindo. Pigo hilo huenda kwenye klachi ya stata, na kwa Harley hufika hadi kwenye kompensata ya praimari, kifaa cha kupunguza mshtuko. Ukisikia kishindo cha chuma wakati wa kuwasha, badilisha betri kabla hujafungua kitu kingine.

Kwenye fremu, Indian wako mbele, na nasema hivyo nikiipenda Harley. Harley za safari zina fremu ya chuma, injini imekaa kwenye mipira, na mkono wa gurudumu la nyuma umeshikwa kwenye gia boksi. Mipira ikizeeka, nyuma huanza kuyumba kwenye kona ndefu za kasi. Challenger ya Indian, yenye injini ya PowerPlus, ina fremu ya alumini, shokapu za mbele zilizopinduliwa za mm 43, na gurudumu la nyuma lina mwendo wa mm 114. Road Glide ya Harley ya 2024 ilipanda kutoka mm 54 hadi 76, hatua kubwa ambayo mgongo unaitambua, ila bado ni pungufu. Kwenye King of the Baggers, mbio za pikipiki kubwa za safari zilizoanza Laguna Seca mwaka 2020, Tyler O'Hara alishinda ya kwanza kabisa akiwa juu ya Challenger. Ubingwa umepokezana tangu hapo, Harley na Kyle Wyman 2021, Indian na O'Hara 2022, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba upande mmoja umelala.

Kinga ya upepo nayo ichague kwa barabara unayopita. Street Glide ya Harley na Chieftain ya Indian zimeifunga kwenye shokapu za mbele, hivyo upepo wa ubavuni hufika moja kwa moja kwenye usukani. Road Glide na Challenger zimeifunga kwenye fremu. Kwa tambarare za Kansas au Wyoming, zilizo wazi kwa upepo, kwangu hilo halina mjadala.

Kwa wanaotaka ndogo: Scout ya Indian na Nightster ya Harley zote zinapozwa kwa maji, na zote ni nyepesi kuliko hizi kubwa kwa zaidi ya kilo mia. Angalizo langu ni moja. Valvu za Scout zinahitaji kupimwa na fundi kwa ratiba, za Nightster zina haidroli.

Linabaki suala la fundi. Oktoba 2025 Polaris walitangaza kuiuza sehemu kubwa ya Indian kwa kampuni ya uwekezaji ya Carolwood LP. Sioni hilo kama tanzia, lakini Polaris walishaifunga Victory, chapa yao nyingine ya pikipiki, Januari 2017, na wenye Victory wanajua maana ya kusubiri kipuri. Mawakala wa Harley ni wengi zaidi, na nje ya mawakala kuna mafundi wa mtaani na watengenezaji wa vipuri wasiohesabika, kuanzia gasketi hadi injini nzima. Kwa hiyo, anayenunua mpya, anayeishi karibu na wakala mzuri wa Indian, na atakayeiuza baada ya miaka mitano, achukue Challenger. Ni chombo bora zaidi barabarani. Anayenunua ya kukaa nayo, mbali na miji mikubwa, achukue Milwaukee-Eight 114 ya 2020 au baada ya hapo.

Yoyote utakayoiendea, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa silinda kwa kiganja. Zikiwa za baridi, endelea. Fungua kifuniko cha filta ya hewa utafute oili, kagua mkanda wa nyuma kwa matundu ya kokoto, soma tarakimu nne za mwisho za DOT kwenye tairi (wiki na mwaka wa kuundwa), kisha uliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Yanatakiwa kila miaka miwili. Harley zenye ABS za 2008 hadi 2011 ziliitwa kiwandani mwaka 2018 kwa sababu mafuta ya breki yaliyoachwa muda mrefu huacha uchafu kwenye valvu za ABS. Asiyeweza kujibu swali hilo, mwambie apunguze bei au muache.